Mwalimu wa kushuka mlima

Najua nimeadimika humu kwa zaidi ya wiki mbili, na baadhi yenu mmeshanitumia ujumbe mkiuliza kama nimeoa au nimefungwa. Sijaoa, na wala sijafungwa. Nilikwenda Handeni kikazi, halafu nikakwama Korogwe kwa hiari yangu mwenyewe. Kilichonikwamisha ni mzee mmoja anayefundisha watu kuendesha magari. Leo nataka niandike habari zake, pamoja na ugomvi nilionao na sisi wote tunaojiita madereva.

Najua kuna mtu ameshaanza kuguna huko. Mwalimu wa udereva naye wa kuandikiwa makala? Subiri kidogo mdau.

Kwanza niungame. Mimi nina leseni tangu 2019. Niliitafuta hapa Dar kwa sababu bosi wangu wa wakati ule alikuwa anasema mwandishi asiyejua kuendesha ni nusu mwandishi. Nikalipa ada kwenye shule moja ya udereva (siitaji), tukapangwa watu watano kwenye gari moja, kila mmoja anashika usukani dakika kumi, tena kwenye foleni ambako gari halisogei. Nilihudhuria siku nne. Siku ya tano nikaambiwa cheti kiko tayari. Sikuuliza swali hata moja! Nilijiona mjanja, nimeokoa muda, na jioni yake nikawanunulia washkaji soda. Miaka imepita, nimeendesha mara chache, magari ya kuazima, yote ya otomatiki. Na kwa kuwa Dar ni tambarare na foleni ndiyo inayokulazimisha uende polepole, hakuna aliyegundua kwamba sijui kuendesha. Hata mimi mwenyewe sikugundua.

Basi nikatumwa Handeni kufuatilia habari za maji. Wanaoijua Handeni wanajua maji kule ni habari isiyozeeka, mji umetegemea kwa miaka mingi mradi wa HTM unaochota mto Pangani kule Korogwe. Mwenzangu mmoja akaniazima kigari chake, IST. Kutoka Handeni mjini mpaka Korogwe ni kilometa 65 za lami, nikaserereka vizuri kabisa, muziki juu, kioo chini. Ilikuwa Jumamosi, nikasema ngoja nipande Lushoto nikapunge upepo kidogo.

Kama hujawahi kupita, barabara ya Lushoto inaachana na barabara kuu ya Arusha pale Mombo, ambako bado ni wilaya ya Korogwe. Inapanda kwa kujipindapinda ukingoni mwa korongo mpaka Soni kwenye maporomoko ya maji, halafu ndiyo Lushoto, na hapo unakuwa karibu mita elfu moja juu ya pale ulipoanzia. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa. Kupanda hakukuwa na taabu, gari lilijipandia lenyewe. Nikala pichesi zangu, nikapiga picha, jioni nikaanza kushuka.

Kutoka Soni nimeweka D na mguu uko kwenye breki. Mguu haukutoka pale. Kona, kona, kona. Baada ya muda nikasikia harufu kama ya plastiki inayoungua, nikadhani kuna watu wanachoma takataka. Halafu pedali ikaanza kuwa laini, inazama kama unakanyaga godoro. Mbele yangu basi linapanda limejaa watu... Sijui niliwaza nini. Ninachokumbuka ni kwamba kulikuwa na sehemu pana kidogo yenye kokoto kushoto, nikaingia humo huku nimevuta handibreki mpaka mwisho, na gari likasimama. Nikabaki nimeshika usukani kwa mikono miwili kama dakika tano hivi, injini inanguruma, redio inaimba.

Kijana mmoja wa bodaboda akasimama. Bila kuniuliza akaokota jiwe akaliweka mbele ya tairi, akainama akanusa rimu, akaniangalia.

“Kaka, umeshuka na D mlima wote huu?”

Nikamwambia ndiyo.

“Leseni unayo?”

Nikamwambia ninayo. Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akasema nisubiri breki zipoe, nisizimwagie maji, na nikifika salama niende Korogwe, Manundu, niulizie kwa Mwalimu. “Sisi tunaoishi na mlima huu katufundisha yeye,” akasema.

Kwa wenzangu wenye vyeti kama changu, ngoja nieleze kilichotokea, maana nimeshafundishwa. Breki ya gari inafanya kazi kwa kusuguana. Msuguano unaleta joto. Ukikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, joto halipati muda wa kutoka, pedi zinapoteza ung'ang'anizi, na mafuta ya breki yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi kitu. Ndiyo maana pedali ikawa godoro. Dawa yake madereva wa malori wanaijua tangu zamani: gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo. Gia ndogo inaifanya injini yenyewe ikushike, breki unaigusa tu kwenye kona. Na kwenye otomatiki ndiyo kazi ya ile namba 2 na herufi L zilizopo chini ya D. Miaka yote hiyo mimi nilidhani L ni ya wanaojifunza, kama kile kibao cha L wanachofunga nyuma ya gari! Chekeni tu.

Jumapili asubuhi nikamkuta Mwalimu chini ya mwembe nyumbani kwake, anafuta vumbi kwenye Corolla ya zamani yenye pedali ya pili ya breki upande wa kushoto. Jina lake sitalitaja, hakutaka, na kwa kweli pale Manundu hakuna anayelitumia. Ni Mwalimu tu.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Umetoka Soni wewe.”

Nikashangaa amejuaje. Akanyoosha kitambaa kuelekea IST iliyokuwa imeegeshwa barabarani. “Naisikia harufu mpaka hapa.” Akaomba aone leseni yangu. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia. “Picha imetoka vizuri,” akasema.

Tulianza siku ya pili yake, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye barabara za vumbi za mashamba ya mkonge upande wa Ngombezi. Zile barabara zimenyooka na asubuhi hazina mtu. Nilitegemea ataniambia washa, twende. Akaniambia, “Leo hatuendi popote. Leo tunasimama.” Na kweli wadau, saa nzima na nusu kazi yangu ilikuwa kuondoa gari taratibu, kwenda mita thelathini na kusimama. Mwalimu anakaa pembeni amefumba macho. Ukisimama akajua kwamba umesimama, umekosea. Anataka gari litulie bila kichwa chake kusogea. Nilikosea mara nyingi sana nikaacha kuhesabu. Yeye hakuchoka. Kila nilipokosea alisema neno moja tofauti, mara “mapema”, mara “mguu mzima”, mara “tazama mbali”, na nikagundua kwamba harudii maelezo yale yale kama kaseti. Alikuwa ananitafuta nilipo. Ilipotokea mara ya kwanza kusimama bila yeye kujua, akakaa kimya akisubiri, halafu akafumbua macho akaona mkonge hausogei, na yule mzee akafurahi kama mtoto aliyepewa pipi. Akapiga dashibodi na kiganja. “Umeona! Umeona sasa!”

Jamani, ni miaka mingapi amefanya kazi hii? Anakwenda ishirini na kitu. Watu wangapi wamesimama vizuri mbele yake? Na bado anapiga dashibodi.

Nikaamua sirudi Dar kwanza. Nilikuwa na siku za likizo, nikazitumia kukaa kiti cha nyuma cha ile Corolla, nikimtazama anavyofundisha wengine.

Mwalimu alianza barabarani akiwa utingo. Kwa wadogo zangu mliozaliwa juzi, utingo ni yule msaidizi wa dereva wa lori, anayeweka kigingi kwenye tairi, anayelala juu ya mzigo. Akapanda mpaka kuwa dereva, akashuka Kitonga kule Iringa na Sekenke kule Singida mara asizoweza kuhesabu, na milima ile anaitaja kama watu wanavyotaja wakwe zao, kwa heshima na tahadhari. Anasema dereva wake wa kwanza hakumfundisha kitu. Alijifunza kwa kuiba kwa macho, ukiuliza unapigwa kibao. Alipopata utingo wake mwenyewe, siku moja usiku wakishuka mlima akaanza kumweleza kwa nini anapunguza gia kabla ya kona na si ndani ya kona. Kijana akaelewa. “Nikaona raha,” ananiambia, “raha ambayo lori halikuwahi kunipa.” Macho yalipoanza kusumbua kwa taa za usiku akaacha malori akarudi nyumbani Korogwe.

Nikamuuliza swali ambalo sisi wa mjini lazima tuulize: kwa nini asihamie Dar kwenye wanafunzi wengi na hela? Akacheka. Alishawahi. Shule moja ya Dar ilimchukua, akakaa miezi miwili akarudi. “Kule nilikuwa nahesabu watu. Huyu kashuka, huyu apande. Mtu namwona mara tatu, kapewa cheti kaenda. Sasa mimi nitajuaje kama ameelewa?” Hapa Korogwe, anasema, mji ni mdogo, aliyemfundisha anamwona kila siku. Anakaa pale karibu na stendi anawatazama wanafunzi wake wanavyopita, anajua huyu ameshika tabia mbaya ya kutoa mkono mmoja, yule bado anaogopa kurudi nyuma. Akikuona umefanya upuuzi anakuita barabarani mbele za watu, uwe daktari au uwe nani.

Siku moja tulikuwa na dada mmoja nesi, mtu mzima, mama wa watoto watatu. Alikuwa anajifunza gari la gia, na alikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona. Mabega yamepanda mpaka masikioni. Kila lori likipita anafumba macho! Mwalimu hakumwambia “usiogope” hata mara moja. Alimwuliza habari za wodini. Alimwuliza sindano ya mtoto mchanga inapigwaje, mkono unakaaje. Yule dada akaanza kueleza, akaeleza vizuri, tena kwa kujiamini kabisa, huku anabadilisha gia ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, na mabega yakashuka. Mimi nyuma niliyaona yanashuka. Mwalimu akageuza uso dirishani. Nilidhani anatazama mkonge, kumbe anaficha kicheko. Baadaye aliniambia kwamba hicho ndicho anachoamkia asubuhi. Si ada, maana ada yenyewe nusu yake inaishia kwenye petroli.

Mara moja kwa wiki huwa anakwenda Handeni kufundisha vijana wa bodaboda. Nilimpeleka mwenyewe na IST, yeye akiwa pembeni, mikono magotini, hasemi kitu. Pale Handeni wanakutana kwenye uwanja wa vumbi, vijana kama kumi na tano, wengi wameshaanza kubeba abiria na hawajawahi kufundishwa na mtu yeyote. Serikali ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara mwaka 2010, kwa hiyo kwenye karatasi bodaboda ni kazi rasmi siku nyingi. Lakini muulize kijana amejifunza wapi, atakwambia kwa rafiki yangu, jioni moja, kabla pikipiki hairudishwa kwa mwenyewe.

Nilichojifunza pale ni kwamba karibu wote waliogopa breki ya mbele. Wameambiwa ukiishika inakurusha, kwa hiyo wanatumia ya nyuma peke yake. Mwalimu akachora mstari kwenye vumbi kwa kijiti, akamwambia mmoja aje kwa mwendo wa wastani, afunge ya nyuma tu kwenye mstari. Pikipiki ikaserereka mbali, vumbi tupu. Halafu akamwambia arudie, safari hii azishike zote mbili, ya mbele kwa kuiminya taratibu kama unakamua chungwa. Ikasimama umbali mfupi ajabu. Vijana wakapiga kelele kama wameona kiini macho. Ukweli ni kwamba pikipiki ikisimama uzito unakwenda mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye kazi kubwa. Vijana hawa walikuwa wanabeba akina mama na watoto, wengine mshikaki wa watu watatu na gunia juu, wakiwa na nusu ya breki. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Msomera, wale waliohamia kutoka Ngorongoro kuanzia 2022, aliyerudia lile zoezi mara nane. Mwalimu alitembea naye kila mara kutoka mwisho mpaka mwanzo wa uwanja, wakizungumza. Jua la saa saba mchana, na mzee hajala. Walimchangia hela ya mafuta tu.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu.

Nikiwa Korogwe usiku mmoja nilikuwa natazama kwenye simu mambo ya watu wanaoteleza kwenye theluji na mbao miguuni. Usiniulize nilifikaje huko, intaneti ina njia zake. Nikakumbuka habari ya Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, mkimbiaji aliyepelekwa Finland akafundishwa mchezo huo, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, mbali kabisa nyuma ya wenzake. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini akamkumbatia, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Habari nzuri, imeandikwa dunia nzima. Lakini kuna mtu alimshika Boit mkono huko Finland siku ya kwanza, Boit ambaye hajawahi kukanyaga theluji, akamfundisha kusimama juu ya mbao zile bila kuanguka. Nani anamkumbuka huyo? Mimi mwenyewe nimesoma habari ile mara nyingi, sijawahi kujiuliza. Na wenye milima ya theluji wana walimu kabisa wa kazi hiyo, wengine kwenye vilima vidogo visivyo na jina, msimu baada ya msimu wakiwafundisha watoto na waoga. Somo lao la mwanzo, nilikuta, ni kuzielekeza ncha za mbao zikutane mbele kama kabari ili upunguze mwendo na usimame. Nikacheka peke yangu kitandani. Mwalimu wa Manundu!

Sisi Bongo tunampenda anayekimbia. Anayefundisha kusimama hatuna habari naye. Korogwe ina chuo cha ualimu, kikongwe na chenye heshima, na mtu akitoka pale tunamwita mwalimu na tunampa shikamoo. Ni sawa kabisa. Lakini huyu anayekaa na mtu ndani ya chuma kinachoweza kuua, akiwa na pedali moja tu ya kuokoa maisha yao wote wawili, kwetu ni “jamaa wa L”. Tunampigia honi. Tunambana apunguze ada, halafu tunamwomba apunguze na siku. “Mzee, mimi nina haraka, nipe cheti tu.” Anasema maneno hayo anaambiwa kila wiki, na anayemwambia mara nyingi ni msomi, mwenye kazi yake nzuri. Msomi! Mtu aliyekaa darasani miaka kumi na sita anaona wiki nne za kujifunza kuendesha ni kupotezewa muda. Nasema hivi nikijua kwamba mimi ni mmoja wao, na soda niliwanunulia watu.

Na hii si habari ya mbali. Februari 3, 2023, usiku, pale Magila Gereza wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, Fuso na Coaster iliyobeba waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar kwenda kuzika Kilimanjaro ziligongana. Taarifa za kwanza zilikuwa za watu 17 waliokufa, na idadi ikapanda. Januari 13, 2025, pale Segera wilaya ya Handeni, watu walikuwa wamekusanyika kwenye ajali, wengine wanasaidia, lori likawafuata pale pale barabarani na kuua watu 11. Wenyeji wa Korogwe na Handeni wamezoea kutoka usiku na mashuka na matochi kwenda kuwaokoa watu wasiowajua. Mwalimu naye hutoka. Haongei sana kuhusu hilo.

Sisemi kwamba ajali hizo zilitokana na vyeti kama changu. Na najua mdau mmoja atasema barabara ile ni nyembamba, njia moja kwenda na moja kurudi, malori na mabasi ya nusu nchi yanapita hapo, na madereva wanaendeshwa na matajiri wasiowapa usingizi. Ni kweli yote. Nilimwambia Mwalimu hivyo hivyo, nikidhani nimempata. Akasema, “Mimi siwezi kupanua barabara, mwanangu. Saa kumi na mbili asubuhi ninaye mtu mmoja, huyo ndiye ninayemweza.” Hapo ndipo nilipoishiwa maneno, na mnajua mimi siishiwi maneno kirahisi.

Kila mwaka tunafanya Wiki ya Nenda kwa Usalama, stika zinabandikwa, hotuba zinasomwa, na sisi waandishi tunajazana kupiga picha viongozi. Nimekwenda mara tatu, nimeandika habari tatu zinazofanana. Sikuwahi kumwona mwalimu wa udereva akiitwa mbele hata kwa kupewa fulana. Hata kumhoji sikuwahi kufikiria. Ningependa siku moja nione anayetoa cheti anaulizwa, baada ya mwaka, wale watu wako wako wapi na wanaendeshaje, kama Mwalimu anavyowatazama wake pale stendi. Shule ikijua itaulizwa, haitatoa cheti kwa siku nne. Lakini nayo isiwe tozo mpya ya kumtesa mzee wa Manundu mwenye Corolla moja, maana tunajuana, sheria zetu zina macho ya kuwaona wadogo kwanza.

Na nyie mnaosoma humu, mnaoendesha Vitz na IST zenu kwenda ofisini, niambieni ukweli hapo chini kwenye maoni: mlikaa na mwalimu siku ngapi? Msidanganye, mimi nimeshaanza.

Siku yangu ya mwisho Mwalimu akasema twende Soni. Nikapanda naye, tukanunua pichesi na plamzi kwa akina mama pale, tukanywa chai. Kushuka akaniambia niwashe gari, halafu akalaza kiti chake nyuma. Nikaweka 2. Kwenye mkunjo mkali nikashuka L, injini ikalalamika kidogo, gari likatulia, mguu wangu uko juu ya breki unasubiri. Tukapita pale kwenye kokoto, jiwe la yule kijana bado lipo. Nikageuka nimwonyeshe. Mzee alikuwa amelala, mdomo wazi, na mfuko wa plamzi umemkalia tumboni. Nikaendesha mpaka Mombo, nikasimama kwenye njia panda. Hakuamka. Ikabidi nimguse bega.